Akiba ya Sauti

Mtu aliyekuwa akisikika kutoka uwanja wa mnada hadi mtaa wa tatu bila kipaza sauti, siku hizi alikuwa anaomba chumvi kwa kugonga sahani. Kijiko mara moja, chumvi. Mara mbili, maji. Mara tatu, niacheni. Asubuhi hiyo aligonga mara tatu hata chai haijamiminwa.

"Sijasema kitu bado," mkewe alimwambia.

Akagonga tena, tatu.

Watu wote walimwita Kengele, hata binti yake alipokuwa amemkasirikia. Miaka thelathini na moja alikuwa mnadi wa vyombo vikuukuu: makabati, vitanda, majokofu ya watu waliohama na ya watu waliokufa. Mkewe alishona mapazia katika chumba cha mbele. Wateja walimwita Fundi, na mumewe hakuona sababu ya kusumbuka kutafuta jina jingine. Sasa daktari alikuwa amekuta uvimbe kwenye koo la Kengele, na dawa yake ilikuwa moja tu, kukata na kuondoa kisanduku chote cha sauti. Atakula, atatembea, atacheka na wenzake. Kusema, basi.

"Mpaka siku ya kukatwa una ruhusa ya kusema," Fundi aliendelea. "Daktari kakataza kupiga kelele. Hajakataza habari za asubuhi."

Kengele akaielekezea kidole simu. Ilikuwa imelala katikati ya meza juu ya kitambaa laini, kama mgeni aliyepewa kiti chenye mto. Kisha akajishika koo na kutikisa kichwa.

"Anaiwekea akiba ya sauti," alisema binti yao, karani wa stoo ya saruji, huku anapuliza chai yake.

"Leo siku ya ishirini!" Fundi akadakia. "Hata benki hukupa kidogo ukienda kulia shida."

Mambo yote yalianzia kwenye bango. Lilisimama mkabala na uwanja wa mnada, refu kuliko nyumba: mzee amelala kitandani, shingo imefungwa bandeji, mjukuu kamshika mkono, na simu inamwambia yule mtoto kwa sauti ya mzee mwenyewe, "Umekula, mama?" Juu yao, herufi kubwa kama milango: SAUTI YAKO HAIONDOKI. Binti aliwafafanulia. Simu ina akili mnemba, akili ya kutengenezwa. Unaisomea sentensi mia moja na hamsini, inajifunza unavyopanda na unavyoshuka, unavyovuta na unavyokata. Baadaye wewe unaandika neno lolote, nayo inalisema kama wewe.

Fundi akatoa cherehani yake ya overloki, ile ya kumalizia pindo, Kengele akamuuzia. Wakanunua simu. Walipoifungua, mahali palipotakiwa kuwa na hiyo akili pakawa na mstari wa kijivu usiobonyezeka: Inakuja karibuni.

Hiyo karibuni ilikuwa na miezi miwili sasa. Kila asubuhi binti aliipangusa simu, akabonyeza hapa na pale, akasoma jibu lile lile. Leo pia akasoma: "Simu yako ina toleo jipya kabisa."

"Jipya kabisa la nini?" Fundi akauliza. "Mbona limezeekea hapa mezani?"

"Baba, nimeshakwambia. Tukurekodi tu. Kinasa sauti kimo humo humo, bure."

Kengele akachukua kibao chake cha bei, kile alichokuwa akiwaonyesha wanunuzi waliosimama mbali, akaandika kwa chaki: REKODI NI KASUKU. Akafuta kwa kiwiko, akaandika tena: NATAKA INAYOJIBU.

Hakuwa mjinga. Tatizo lake lilikuwa kazi yake. Uwanjani kwao kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: hakinadiwi kitu ambacho hakijashushwa chini watu wakakiona. Aliwahi kukataa kunadi jokofu la tajiri mmoja kwa sababu lilikuwa bado barabarani, juu ya lori, na tajiri alikuwa anaapa kwa roho ya mama yake kwamba linafika sasa hivi. "Likishuka nitaliita," alimjibu. Hata kiti chenye ufa alikipindua kwanza miguu juu, akauonyesha ule ufa kwa kidole, ndipo akaanza kutaja bei. Basi mtu wa namna hiyo alipoona watu wazima wamesimamisha bango la chuma, wamelipia na taa za kulimulika, hakupata wazo kwamba kitu chenyewe kilikuwa bado kiko kwenye lori.

*

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, Fundi alikuwa anafua. Alipopekua mifuko ya koti la mumewe akakuta kadi ya hospitali, imekunjwa mara nne.

Alijua kwamba upasuaji ulikuwa Alhamisi ya wiki ile. Alijua pia kwamba ulitakiwa uwe umefanyika wiki mbili nyuma, ila hospitali waliusogeza, foleni ni ndefu, ndivyo Kengele alivyomwandikia kwenye kibao. Kwenye kadi tarehe ya kwanza ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni muuguzi ameandika kwa mwandiko wa haraka: Mgonjwa ameomba kuahirisha. Chini yake ndiyo Alhamisi hii. Na mbele ya Alhamisi hii kulikuwa na alama ya kuuliza, kwa penseli. Penseli ya Kengele. Aliijua, ilikuwa haichongwi mpaka ifike kwenye mti.

Akatoka nayo uani na mapovu mikononi. Mumewe alikuwa amekaa juu ya kigoda, anaing'arisha kengele yake ya shaba kwa majivu.

"Uliniambia hospitali ndiyo iliyosogeza."

Akanyoosha mkono kuchukua kibao. Fundi akawahi, akakiweka chini, akakikalia.

"Leo utatoa kwenye akiba."

Kengele alitazama ukuta, akatazama kamba ya nguo. Hatimaye akafungua mdomo, na sauti ikatoka kama meza inayoburuzwa juu ya sakafu ya saruji. "Wiki mbili tena. Wakitoa apdeti, hilo toleo lenye sauti, mwisho wa mwezi, naisomea, nakatwa."

"Wasipotoa?"

"Watatoa. Wamenadi."

"Na uvimbe umekubali kusubiri? Umeuandikia barua?"

"Fundi, mnadi asiye na sauti ni nani pale uwanjani? Ni mbeba makabati."

"Na maiti uwanjani ni nani? Si hata kubeba habebi, anabebwa!"

Kengele aligonga shaba kwa ukucha, mara tatu.

Fundi aliziacha nguo kwenye beseni. Alifika hospitali na kanga yake bado imelowa upande mmoja, akampa muuguzi kadi. Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani kwa uzi, aliisoma taratibu, akashusha sauti.

"Mama, nakwambia kama ndugu. Akiahirisha tena, daktari hatamwandikia tarehe ya kukatwa. Atamwandikia dawa za maumivu."

*

Jumanne akaenda dukani kulikonunuliwa simu. Alivaa gauni lake la kwenda kwenye mikutano ya shule, ambalo hakuwa amelivaa tangu binti amalize. Mlangoni walimpa karatasi yenye namba, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni kubwa iliyokuwa ikirudia tangazo lile lile. Mzee, bandeji, mjukuu. Umekula, mama? Namba yake ilipoitwa, mzee wa kwenye televisheni alikuwa ameshamuuliza mjukuu wake mara kumi na moja na mtoto hajaambulia hata kipande cha mkate.

Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha zilizopakwa rangi ya shati la kampuni. "Karibu, mama. Simu ina tatizo gani?"

"Haina tatizo. Haina sauti."

"Spika haifanyi kazi?"

"Spika inafanya kazi. Sauti ya mume wangu ndiyo haimo. Mlisema itakuwemo."

Msichana akaelewa. Akavuta karatasi ya tangazo kutoka droo, akaigeuza, akaweka ukucha chini kabisa, palipokuwa na mstari wa herufi ndogo kama ufuta. "Soma hapa, mama."

"Sina miwani."

"Jaribu tu, ni Kiswahili."

Fundi akasoma, kwa kuinama, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa darasa la pili. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza kumsikiliza. "Ba-adhi ya hu-duma zita-patikana baadaye. Upatikanaji hu-hutegemea lugha na eneo."

"Umeona? Ilikuwepo tangu mwanzo."

"Baadaye ndiyo lini?"

"Robo ya nne."

"Robo ya nini? Kwetu robo ni ya kilo."

Watu wakacheka. Bwana mmoja aliyeshika chaja alicheka zaidi, mpaka akainama. Fundi alihisi masikio yanawaka. Akasubiri wamalize, maana alijua kicheko ni kama maji ya mvua, ukikimbia ndiyo unaloa.

"Robo ya nne ya mwaka, mama. Miezi mitatu ya mwisho. Na Kiswahili huenda kikaja baada ya hapo."

"Mume wangu anakatwa koo keshokutwa."

Hapo hakucheka mtu. Yule bwana akaanza kuichunguza chaja yake kana kwamba ina maandishi.

"Nirudishieni basi nilichotoa, niwarudishie simu yenu."

"Ina boksi?"

Boksi lilikuwa nyumbani, limejaa vikonyo vya uzi. "Lipo."

"Lakini imeshapita siku kumi na nne." Msichana akainama juu ya kaunta kana kwamba anaokota kitu, akanong'ona, "Mama, kila siku wanakuja watu hapa kuniuliza. Nimeandika huko juu mara tano. Nami wananijibu hivyo hivyo, baadaye."

Fundi akarudi kwa miguu na kupitia uwanja wa mnada. Mbadala wa mumewe alikuwa anaita kitanda kwa kipaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa kinalia kuliko yeye. "Shemeji!" wabebaji wakamwita. "Kengele anarudi lini? Huyu hapa anatuuzia kama anasoma tangazo la msiba!" Akawapungia mkono. Akatazama bango. Mstari wa ufuta ulikuwepo hata pale, kwa chini, lakini mbele yake yalikuwa yamesimamishwa makabati ya mnada, safu nzima, kama yanavyosimamishwa kila siku. Akaingia kati ya makabati mawili ili ausome. Miezi yote hiyo Kengele aliyaita makabati yaliyokuwa yamelifunika neno lenyewe.

*

"Siwezi kumdanganya baba," binti alisema.

"Hutamdanganya. Mimi ndiye nitakayemdanganya. Wewe utabonyeza tu."

Fundi alikuwa amechukua daftari la vipimo vya mapazia na kuligeuza nyuma. Mteja wa mapazia ya bluu alikuja akaambiwa arudi Ijumaa, akasonya, akaenda. Mchana kutwa Fundi aliandika. Sentensi za mwanzo alizitunga kama anavyodhani kampuni ingetunga: Leo jua ni kali. Treni hufika saa nne. Watoto wanacheza mpira. Zilipofika ishirini na tatu, akaishiwa. Akatafuna kalamu. Akasikiliza nyumba, nayo ilikuwa kimya, na kwenye ukimya huo akaanza kukumbuka yale yaliyokuwa yakisemwa humo, moja baada ya jingine, kama mtu anayeokota vifungo chini ya mashine. Mkono ukashika kasi.

Zilifika mia moja arobaini na nane. Mbili zikamshinda, na kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Jumatano baada ya chai binti akaipangusa simu kama kawaida. Alikuwa mweupe midomoni. "Baba," akasema, akakohoa. "Imekuja."

Kengele akaweka kijiko chini.

"Dukani wamenipa na sentensi zake," Fundi akawahi. "Nimezinakili. Mashine yao ya kuchapa imeharibika."

Mumewe akalipokea daftari. Akalitazama jalada, lililoandikwa Vipimo, lenye doa la mafuta ya cherehani. Akatazama simu, ambayo binti alikuwa ameifungulia kinasa sauti na kufunika nusu ya kioo kwa kiganja. Akamtazama mkewe kwa muda kidogo, jinsi alivyokuwa akitazama kiti kabla ya kukipindua. Kisha akavaa miwani.

"Leo jua ni kali," akasoma. Meza ikaburuzwa. "Treni hufika saa nne."

Alisoma polepole, kwa adabu, kama shahidi, binti akibonyeza mwanzo na mwisho wa kila sentensi. Ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Sauti ikaanza kupata joto. Ilikuwa bado inakwaruza, ila chini ya mikwaruzo mtu mwenyewe akaanza kusikika. Akafungua ukurasa mwingine.

"Nani kaacha mlango wazi?"

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Fundi alijifanya anatunga uzi kwenye sindano iliyokwisha tungwa.

"Fundi, uzi wako umo kwenye mkate wangu," Kengele akasoma. "Chai hii imelala, au imekufa? Binti, vumbi la kazini liache kazini. Nilimlipa yule wa bomba, kama anabisha aje na mama yake." Akapumua. "Mama mkwe alikuwa anakoroma mpaka picha zinadondoka ukutani."

Binti akauma mkono wake ili asicheke.

"Hii kampuni," Kengele akasema bila kuinua macho, "imemjuaje mama mkwe wangu?"

"Ndiyo akili mnemba hiyo," Fundi akajibu. "Inajua mambo."

"Na inaandika 'vumbi' kwa mkia mrefu kama wewe."

"Labda imesoma shule moja na mimi."

Aligonga meza kwa kidole, mara moja. Hakuna aliyejua maana yake, chumvi haikuhitajika. Akaendelea kusoma. Aliposoma "Umekula?" aliisoma mara mbili, ya pili kwa namna nyingine, kwa hiari yake. Alipofika kwenye "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda!" alisimama, akasahau daktari, na jirani akachungulia dirishani kuuliza kama Kengele amepona.

Ukurasa wa mwisho ukaisha. Akaugeuza, akakuta vipimo vya pazia la mtu.

"Mia moja arobaini na nane," akasema. Kuhesabu ndiyo ilikuwa kazi yake. "Mbili hazipo."

"Zilinishinda."

Kengele akaivuta simu karibu na mdomo. "Ya mia moja arobaini na tisa: ile overloki nilikuuzia kwa hasara, na nilijua." Akameza mate, uso ukajikunja kwa maumivu. "Ya mia moja na hamsini: kesho tuondoke mapema, foleni ya pale ni ndefu."

Akatoa penseli sikioni, akaomba kadi kwa kiganja, akafuta ile alama ya kuuliza. Ile penseli haikuwa na kifutio, ilibidi atumie mate na kidole.

*

Apdeti ilifika siku Kengele alipokuwa na miezi mitano bila sauti. Alikuwa amerudi uwanjani. Mwingine anaita, yeye anapindua viti, anaonyesha nyufa, na mwisho ndiye anayepiga nyundo. Wanunuzi walikuwa hawaamini bei mpaka waione nyundo yake. Asubuhi hiyo walikuwa wanakunywa chai. Fundi alikuwa amewahi kwenye mashine, sindano mdomoni, mapazia ya hoteli yamemfunika mpaka kiunoni. Simu ikapiga muziki ambao haikuwahi kuupiga.

Binti akasoma. "Hongera! Sauti Yako imewasili. Tafadhali soma sentensi ya kwanza kwa sauti yako ya kawaida. Ndege wa bluu hupenda asubuhi ya baridi."

Hakuna aliyesogea. Kengele alikuwa na kitambaa cheupe shingoni, juu ya tundu alilokuwa akipumulia. Simu ikasubiri. Kisha sauti ya mwanamke, laini, ya kigeni kidogo, ikasema kutoka ndani yake:

"Hatujakusikia. Jaribu tena kwa sauti ya juu kidogo."

"Nitawaandikia!" Binti akasimama, kikombe kikamwagika. "Hao watu nitawaandikia leo leo, na nitaweka namba yangu ya simu, na jina langu lote!"

"Hatujakusikia," simu ikasema. "Jaribu tena."

Kengele akachukua kibao. Akaandika, akawageuzia: NDEGE WA BLUU KAMA NANI? Mabega yakaanza kumtikisika, hewa ikapiga mluzi kwenye kitambaa. Alikuwa anacheka. Binti akataka kulia, akashindwa kuchagua, akaenda kutafuta tambara la kufutia chai.

Kengele akaivuta ile simu, akaikatisha katikati ya "hatujaku", akafungua mahali penye kinasa sauti. Kidole kikashuka taratibu kwenye orodha ndefu, kikapita treni, kikapita jua. Kikasimama. Kikabonyeza.

"Nani kaacha mlango wazi?"

Fundi alikuwa ameshainuka, mapazia yanamburuzika miguuni, amefika katikati ya chumba, "Ah, nafunga, nafunga, makelele ya nini," kabla hajakumbuka. Akasimama pale na sindano yake. Hakugeuka kumtazama mtu.

Mlango ulikuwa wazi kweli, na vumbi lilikuwa linaingia. Akaufunga, akarudi kwenye mashine.